Mchele Usiong'arishwa: Lishe Inayoachwa Mashineni

Kuanzia Makongeni na Jericho hadi Umoja, Kayole na Dandora, wali ni chakula cha kila wiki, na katika nyumba nyingi ni chakula cha kila siku. Mchana huliwa kibandani na maharagwe, jioni huliwa nyumbani na ndengu au kabeji, na siku ya sherehe hugeuka pilau. Kitaifa, mchele ni nafaka ya tatu kwa kuliwa zaidi, baada ya mahindi na ngano, na jijini ulaji wake unazidi kuongezeka kwa sababu huiva upesi na watoto huupenda.

Karibu wote ni mchele mweupe uliong'arishwa. Kuna mchele mwingine, wa rangi ya kahawia, ambao hutoka katika mpunga uleule na shamba lilelile, ila haukupitishwa katika hatua ya mwisho ya mashine. Tofauti ya aina hizi mbili ni ndogo kwa macho lakini kubwa kwa afya, hasa kwa familia ambayo sahani yake hujaa wali kuliko kitu kingine chochote.

Makala haya yanaeleza ni nini huondolewa mchele unapong'arishwa, kwa nini mwili unakihitaji, na jinsi mkazi wa Eastlands anavyoweza kukirudisha mezani bila kuvuruga bajeti. Ni vyema kusema mapema kwamba mchele mweupe si sumu. Hatari huanza pale unapoliwa kila siku, kwa wingi, na mboga kidogo kando.

MPUNGA, MCHELE NA WISHWA

Punje inapovunwa shambani huitwa mpunga. Ina tabaka tatu. Nje kuna kumvi, ganda gumu ambalo binadamu hawezi kulila. Ndani ya ganda hilo kuna ngozi nyembamba ya kahawia iitwayo wishwa, ambayo wengi huiita pumba laini, pamoja na kiini, yaani ile sehemu ndogo ambayo mmea mpya ungechipukia. Katikati kuna sehemu nyeupe, ambayo karibu yote ni wanga.

Zamani, na hadi leo katika baadhi ya vijiji vya Pwani, mpunga ulitwangwa kwa kinu na mchi, kisha ukapepetwa kwa ungo. Kumvi zilipeperuka, lakini sehemu ya wishwa ilibaki imeshika punje. Mashine za kisasa hufanya kazi hiyo kwa hatua mbili. Ya kwanza huondoa kumvi peke yake, na kinachotoka ni mchele wa kahawia. Ya pili husugua punje mpaka wishwa na kiini vitoke, na kinachobaki ni mchele mweupe unaong'aa.

Kwa makadirio, kilo 100 za mpunga hutoa takriban kilo 20 za kumvi na karibu kilo 10 za wishwa na kiini. Mchele mweupe unaobaki ni kama kilo 65 hadi 70. Kumvi huchomwa au hutandikwa kwenye mabanda ya kuku. Wishwa huuzwa kuwa chakula cha ng'ombe, nguruwe na kuku. Kwa hivyo sehemu yenye vitamini, madini na nyuzinyuzi nyingi zaidi huishia kwa mifugo, na sehemu yenye wanga huletwa mjini.

Mchele mwingi unaolimwa humu nchini hutoka Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, umbali wa takriban kilomita 100 kutoka Nairobi. Mradi wa Mwea ulianzishwa miaka ya 1950, na ndio mkubwa zaidi wa kilimo cha mpunga kwa umwagiliaji nchini. Pishori inayosifiwa kwa harufu yake hutoka huko. Mpunga pia hulimwa Ahero, West Kano na Bunyala upande wa magharibi. Hata hivyo mavuno ya nchi hayatoshi, na sehemu kubwa ya mchele unaoliwa Nairobi huagizwa kutoka nje, hasa Pakistan na mataifa mengine ya Asia. Mchele huo wa kuagizwa nao huwa karibu wote umeng'arishwa kabla ya kupakiwa melini.

KINACHOPOTEA KWA HESABU

Viwango hutofautiana kulingana na aina ya mpunga na udongo, lakini makadirio ya kawaida kwa gramu 100 za mchele mkavu ni haya:

• Nyuzinyuzi: karibu gramu 3.5 katika mchele wa kahawia. Karibu gramu 1.3 katika mweupe.
• Vitamini B1 (thiamini): karibu miligramu 0.4 katika wa kahawia. Karibu miligramu 0.07 katika mweupe.
• Vitamini B3: karibu miligramu 5 katika wa kahawia, chini ya 2 katika mweupe.
• Magnesiamu: zaidi ya miligramu 110 katika wa kahawia; karibu 25 katika mweupe.
• Madini ya chuma na zinki: katika wa kahawia huwa karibu mara mbili ya yaliyo katika mweupe.

Nguvu na protini hazitofautiani sana. Kwa hivyo anayekula mchele mweupe hushiba na kupata nguvu za kufanya kazi, lakini hupata takriban sehemu moja tu kati ya tano ya vitamini B1 ambayo angepata katika kiasi kilekile cha mchele wa kahawia.

Kila kimoja kina kazi yake. Vitamini B1 husaidia mwili kugeuza wanga kuwa nguvu, na hulinda moyo na mishipa ya fahamu. Magnesiamu husaidia misuli na mfumo unaodhibiti sukari na shinikizo la damu. Nyuzinyuzi hupunguza kasi ya sukari kuingia damuni, huzuia tumbo kufunga, na humfanya mtu akae na shibe kwa muda mrefu. Hilo la mwisho hata fundi wa jua kali wa Kariobangi atalitambua, kwa kuwa wali mweupe wa saa saba mara nyingi huwa umekwisha tumboni kabla ya saa kumi.

KUKU WA JAVA NA ASKARI WA MOGADISHU

Uhusiano wa mchele uliong'arishwa na ugonjwa uligunduliwa zaidi ya miaka 120 iliyopita, na ni kuku walioonyesha njia.

Miaka ya 1890, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa akichunguza ugonjwa wa beriberi katika mji wa Batavia, kisiwani Java, ambao leo ni Jakarta, Indonesia. Ugonjwa huo ulikuwa ukiwaua askari na wafungwa. Miguu ilivimba au ilipooza, na moyo ulishindwa kufanya kazi. Wengi walidhani husababishwa na viini. Eijkman aliona kuku wa maabara yake wakipata dalili zinazofanana na hizo, wakishindwa kusimama. Baadaye wakapona bila dawa.

Alipofuatilia, aligundua kwamba kuku hao walikuwa wakilishwa mabaki ya wali mweupe kutoka jiko la hospitali ya jeshi. Mpishi mpya alipokuja alikataa kutoa chakula cha jeshi kwa kuku, wakarudishiwa mchele usiong'arishwa, na ndipo wakapata nafuu. Uchunguzi uliofanywa katika magereza ya Java ulionyesha vivyo hivyo: beriberi ilikuwa nyingi zaidi pale wafungwa walipokula mchele uliong'arishwa. Utafiti huo ulisaidia kuleta ugunduzi wa vitamini. Eijkman alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1929 pamoja na Frederick Gowland Hopkins wa Uingereza.

Si habari za kale tu. Kati ya 2009 na 2010, askari 241 wa kikosi cha Umoja wa Afrika mjini Mogadishu, kikosi kilichokuwa na wanajeshi wa Uganda na Burundi, walivimba miguu. Angalau 4 walikufa. Makumi ya wengine walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Kenya na Uganda. Uchunguzi ulionyesha kuwa ilikuwa beriberi, iliyotokana na mlo uliopungukiwa na thiamini. Walikuwa vijana wenye afya, na walikuwa wanakula. Tatizo lilikuwa katika kile walichokula.

Vilevile mwaka 2004, katika kisiwa cha Mayotte kwenye visiwa vya Komoro, watoto wachanga walipata beriberi na baadhi yao wakafariki. Mama zao waliokuwa wakinyonyesha walitegemea zaidi mchele mweupe kutoka nje, na maziwa yao yalikosa vitamini B1 ya kutosha.

Beriberi si ugonjwa wa kawaida Eastlands, kwa sababu wakazi wengi huchanganya mlo wao na maharagwe, ndengu na mboga, vyakula ambavyo vina vitamini hiyo. Lakini mifano hii inaonyesha jambo moja waziwazi, kwamba mtu anaweza kushiba kila siku na bado mwili wake ukawa na njaa. Wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi ni waja wazito, mama wanaonyonyesha, watu wanaokunywa pombe kwa wingi, na familia ambazo mwisho wa mwezi hubaki na wali na supu peke yake.

SUKARI NA PRESHA MITAANI

Tatizo lililo karibu zaidi na mitaa ya Nairobi ni kisukari na shinikizo la damu. Utafiti wa kitaifa wa STEPwise wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini ana shinikizo la damu lililopanda. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja.

Chakula si sababu ya pekee. Maisha ya mjini, kukaa kwa saa nyingi ndani ya matatu au dukani, chumvi nyingi, vyakula vya kukaangwa, soda, sigara na pombe, vyote huchangia. Hata hivyo wanga uliosafishwa, yaani wali mweupe, mkate mweupe, chapati nyeupe na ugali wa unga mlaini, una nafasi yake, kwa kuwa hugeuka sukari damuni kwa haraka.

Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani walichapisha matokeo ya kufuatilia watu zaidi ya 190,000 kwa miaka mingi. Waliokula mchele mweupe mara tano au zaidi kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kisukari cha aina ya pili, kwa asilimia 17, kuliko waliokula chini ya mara moja kwa mwezi. Watafiti walikadiria kuwa kubadilisha gramu 50 za mchele mweupe kwa siku na kutumia wa kahawia kunahusiana na kupungua kwa hatari hiyo kwa asilimia 16. Gramu 50 za mchele mkavu ni kama robo ya kikombe.

Utafiti wa aina hiyo huonyesha uhusiano, na hauwezi kuthibitisha kwamba mchele pekee ndio chanzo. Lakini unakubaliana na yale ambayo maafisa wa lishe wamekuwa wakishauri kwa muda mrefu kuhusu nafaka zisizokobolewa. Unaonyesha pia kwamba mabadiliko madogo ya kila siku yana uzito.

Ni muhimu kukumbuka kwamba hata mchele wa kahawia ni wanga. Mgonjwa wa kisukari anayeupakua sahani ikafurika hatasaidika. Kipimo kinachofaa ni wali robo ya sahani, robo nyingine iwe maharagwe, ndengu, samaki, mayai au nyama, na nusu iliyobaki iwe mboga.

KWA NINI NI ADIMU NA NI GHALI

Mkazi anayeutafuta mchele huu hukutana na vizuizi viwili. Cha kwanza ni kwamba maduka mengi ya mtaani hayauuzi. Cha pili ni kwamba katika supamaketi mara nyingi bei yake huwa juu kuliko ya mchele mweupe wa kawaida, ingawa mashine imeufanyia kazi kidogo zaidi.

Sababu ziko mbili. Wanunuzi ni wachache, kwa hivyo huuzwa kwa kiasi kidogo, katika pakiti nzuri zilizokusudiwa mteja mwenye uwezo. Pia, wishwa ina mafuta, na mafuta hayo huharibika. Mchele mweupe ukihifadhiwa pakavu hukaa kwa muda mrefu sana, lakini wa kahawia huanza kuwa na harufu mbaya baada ya miezi kama sita, na kabla ya hapo ikiwa duka lina joto. Mwenye duka huogopa hasara.

Wakazi wana njia kadhaa za kupunguza gharama:

• Kununua kwa chama. Chama cha watu kumi kinaweza kuagiza gunia moja kutoka kwa wenye mashine wa Mwea, kikaomba mpunga utolewe kumvi tu bila kung'arishwa, kisha wanachama wakagawana.
• Kuchanganya. Familia haihitaji kubadilisha sufuria nzima. Nusu kwa nusu inatosha kwa kuanzia.
• Kununua kidogo kidogo. Chukua kiasi cha mwezi mmoja au miwili, kiweke katika mkebe uliofungwa vizuri, mahali pakavu pasipo na joto.
• Kumwomba mwenye duka wako. Wateja watano wa ploti moja wakiulizia kitu kilekile, mwenye duka atakuwa na sababu ya kukileta.

Unaponunua pakiti, angalia alama ya ubora ya KEBS, tarehe ya kupakiwa na tarehe ya mwisho ya matumizi. Unaponunua kwa gorogoro, nusa. Mchele mzuri wa kahawia una harufu ya nafaka, na ulioharibika hunuka kama mafuta yaliyokaa. Punje ziwe na rangi ya kahawia iliyoenea, zisiwe na ukungu wala wadudu.

KUPIKA BILA KUMALIZA MAKAA

Lalamiko la kawaida ni kwamba mchele huu hauivi. Ukweli ni kwamba huchukua dakika 40 hadi 45, karibu mara mbili ya mchele mweupe, kwa sababu wishwa huzuia maji kuingia upesi. Kwa anayepika kwa gesi au makaa, hiyo ni pesa. Dawa yake ni kuloweka.

1. Chagua mawe na uchafu, kisha osha mara moja au mbili tu. Kuosha mara nyingi huondoa vitamini, na hilo ni kweli hata kwa mchele mweupe.
2. Loweka kwa maji safi kuanzia asubuhi, au angalau kwa saa moja. Mwaga maji hayo kabla ya kupika.
3. Kwa kila kikombe kimoja cha mchele, tia vikombe viwili hadi viwili na nusu vya maji, kulingana na muda uliolowekwa. Ongeza chumvi kidogo.
4. Ukichemka, punguza moto, funika vizuri na uache uive polepole. Usifunue mara kwa mara.
5. Maji yakikauka, epua na uache sufuria imefunikwa kwa dakika 10. Punje zitalainika zaidi.

Anayechanganya nusu kwa nusu atangulize mchele wa kahawia. Baada ya dakika 20 hivi, aongeze mchele mweupe, kisha viive pamoja. Akivitia kwa wakati mmoja, mweupe utageuka uji huku wa kahawia bado una kiini kigumu.

Wenye kikapu cha kuhifadhi joto wanaweza kuchemsha wali kwa dakika 15, kisha wakaufunika ndani ya kikapu umalizikie huko bila moto. Asiye nacho anaweza kuifunga sufuria kwa blanketi nzito na kuiweka ndani ya katoni, baada ya kuhakikisha haina kaa lililoshika chini. Mchele huu hukubali nazi, hukubali viungo vya pilau, na pishori ya kahawia haipotezi harufu yake.

Wanaopika mwingi ili kuokoa moto wakumbuke kuwa kiporo cha wali kina hatari yake. Wali uliobaki upozwe na uhifadhiwe mapema, usiachwe jikoni usiku kucha, na upashwe moto hadi uwe moto kabisa kabla ya kuliwa.

KAMA HUUPATI, KUNA NJIA NYINGINE

Mchele wa kahawia si lazima kwa mtu kuwa na afya. Faida zake zinapatikana pia katika vyakula ambavyo Eastlands imevizoea, na ambavyo mara nyingi ni vya bei nafuu.

Githeri ni mfano mzuri. Mahindi yake hupikwa mazima, na maharagwe huongeza protini, vitamini B1 na nyuzinyuzi. Muthokoi ni mtamu, lakini mahindi yake yametolewa ngozi, kwa hivyo yamepitia hasara ileile ya mchele mweupe. Ni vizuri kuupika na maharagwe mengi.

Unga wa posho mill uliosagwa bila kukobolewa una pumba na kiini cha mahindi. Unga mlaini wa pakiti umepoteza sehemu hizo, lakini una jambo moja la kuutetea. Tangu 2012 sheria inawataka watengenezaji wa unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti kuuongeza vitamini na madini, yakiwemo ya chuma na zinki. Unga wa posho mill kwa kawaida hauongezwi virutubishi hivyo, na mchele mweupe hauguswi na sharti hilo. Familia inayokula ugali wa unga wa pakiti na wali mweupe kwa zamu inapaswa kujua kwamba chakula cha pili hakijarudishiwa kilichotolewa.

Anayesagisha mahindi yake ahakikishe ni makavu na yamechaguliwa. Mahindi yenye ukungu au rangi isiyo ya kawaida yanaweza kuwa na sumu ya aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kupikwa.

Uji wa wimbi au mtama, viazi vitamu, nduma na chapati za unga wa kahawia pia vina nafasi yake. Na kwa anayebaki na mchele mweupe, sahani yake huboreka sana akiongeza maharagwe au ndengu. Wali na ndengu ni mlo mzuri, mradi ndengu zisiwe kijiko kimoja cha kupamba.

TAHADHARI KWA BAADHI YA WATU

Mchele wa kahawia unafaa watu wengi, lakini si wote kwa namna moja.

• Watoto wadogo wana tumbo dogo. Waanzishiwe kidogo kidogo, uwe umelainika vizuri, na usichukue nafasi ya mayai, maziwa, maharagwe na matunda.
• Wagonjwa wa figo wazungumze kwanza na daktari, kwa kuwa mchele huu una fosforasi na potasiamu zaidi.
• Wagonjwa wa kisukari wasiache wala kupunguza dawa kwa sababu wamebadilisha mchele. Waendelee kupima sukari na kufuata ushauri wa kliniki.
• Ambaye hajazoea nyuzinyuzi anaweza kusikia tumbo kujaa gesi siku za kwanza. Aongeze kiasi polepole na anywe maji ya kutosha.

Jambo lingine linahusu madini ya chuma. Wishwa ina kemikali ya asili iitwayo fitati, ambayo huzuia mwili kufyonza sehemu ya chuma na zinki. Kuloweka huipunguza. Kula mboga zilizopikwa kwa muda mfupi, nyanya, chungwa au maji ya ndimu pamoja na chakula husaidia mwili kufyonza chuma zaidi. Chai, kwa upande mwingine, huzuia. Ni bora kuisubirisha kwa saa moja baada ya chakula.

Mchele wa aina yoyote unaweza kuwa na kiasi fulani cha arseniki kutoka udongoni na majini, na katika wishwa huwa zaidi. Kwa mtu mwenye afya anayebadilisha nafaka zake, leo wali, kesho ugali, keshokutwa githeri, jambo hilo halipaswi kumtia hofu. Ni sababu nyingine ya kutotegemea chakula kimoja.

PA KUANZIA WIKI HII

Familia inayotaka kujaribu inaweza kuanza na siku moja ya wiki, kwa mfano Jumapili, wakati kuna muda wa kupika polepole. Siku hiyo itumie mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Watoto wakizoea, ongeza siku ya pili. Wasipozoea, baki na mchele wenu, ongeza maharagwe na mboga, na mbadilishe unga.

Wenye vibanda vya chakula nao wana nafasi. Mpishi anayetoa wali wa mchanganyiko na ndengu za kutosha anawapa wateja wake shibe itakayowafikisha jioni. Shuleni, wanafunzi wanaokula chini ya mpango wa Dishi na County, ulioanzishwa 2023 na ambao mwanafunzi huuchangia shilingi 5 kwa mlo, tayari wamezoea nafaka ikiandamana na maharagwe au ndengu. Nyumbani wanaweza kuendelezewa mlo wa namna hiyo jioni.

Kabla ya yote, jua hali yako. Wahudumu wa afya ya jamii, waliokabidhiwa vifaa vyao 2023, wana mashine za kupima shinikizo la damu na sukari, na hutembelea nyumba kwa nyumba. Mhudumu akibisha hodi, mfungulie. Asiyetembelewa anaweza kwenda katika kituo cha afya cha umma kilicho karibu naye, au Hospitali ya Mama Lucy Kibaki kule Embakasi, na kuomba kuzungumza na afisa wa lishe. Nenda ukiwa umeandika ulichokula kwa siku tatu zilizopita, pamoja na vitafunio na soda. Orodha hiyo itamwezesha afisa kukupa ushauri unaolingana na mfuko wako na sufuria yako.